Nimkaribisheje anayeanguka tena, nami mwenyewe naanguka?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Naongoza kikundi kidogo cha maombi cha akina mama. Mwaka jana alirudi kwetu dada aliyekuwa ameliacha kanisa miaka mingi kwa sababu ya ulevi. Tulimpokea kwa furaha. Tangu hapo ameanguka mara mbili, na mara zote mbili amerudi akilia. Sasa wenzangu watatu wanasema anatushushia heshima, tusimhesabu kuwa mwenzetu mpaka abadilike kwanza. Nashindwa kuwajibu, kwa sababu mimi mwenyewe nina hasira. Nawafokea wanangu, na juzi nilimpiga mkubwa kwa kosa dogo sana. Kila usiku natubu jambo lilelile. Yesu alisema tuwe wakamilifu. Naogopa kwamba namtetea huyu dada kwa kuwa mimi pia si msafi. Je, kukubali udhaifu wa watu si kuhalalisha dhambi? Na tena ameomba asome Neno kwenye ibada yetu ijayo. Nimruhusu?

JIBU: Asifiwe milele, mama mpendwa. Maswali yako ni mengi, ila naona yote yameegemea neno moja, ukamilifu. Hilo ndilo wenzako wanalomtaka nalo dada yenu, na ndilo unalojichapa nalo wewe kila usiku. Kwa hiyo naanzia hapo, maana tukilikosea neno hili tutakosea na mengine yote.

Katika Mathayo 5:48 tunasoma, "Basi ninyi mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu." Neno la Kigiriki lililoko pale ni teleios. Halina picha ya sahani iliyosuguliwa hadi isiwe na doa. Ni kitu kilichokomaa, kilichofikia kile kilichokusudiwa, kisichopungukiwa na sehemu yake. Neno hilohilo limo katika Waebrania 5:14, na watafsiri wa Biblia yetu waliliandika "watu wazima", wale wanaoweza kula chakula kigumu. Limo tena katika 1 Wakorintho 14:20, na hapo pia tunasoma "watu wazima". Nimelipenda sana neno hilo walilolichagua. Kwetu mzima ni aliyekua, mzima ni mwenye afya, mzima ni aliye hai, na mkate mzima ni ule ambao haujamegwa. Jaribu kuusoma mstari wa 48 ukiwa na neno "wazima" kichwani, halafu rudi nyuma mistari michache uone Yesu alikuwa anazungumzia nini.

Alikuwa anazungumzia adui. Mlisikia imenenwa, mpende jirani yako na umchukie adui yako. Lakini mimi nawaambia, wapendeni adui zenu. Sababu anayoitoa ni kwamba Baba huwaangazia jua lake waovu na wema, na huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Ndipo anapomalizia na ukamilifu. Maana yake ukamilifu anaoudai hapo ni wa pendo: pendo zima, lisilomegwa, lisilowafikia hawa na kuwaruka wale. Luka alipoandika fundisho lilelile, katika 6:36, aliandika, "Basi, iweni na huruma, kama Baba yenu alivyo na huruma." Natamani tusingezoea kuutaja mstari wa 48 peke yake, umetengwa na ile mvua. Tumeugeuza kuwa mlango wa kuwazuia watu, na Yesu aliuweka kuwa kilele cha fundisho la kuwaingiza.

Wenzako wanadhani mnachagua kati ya utakatifu na ukarimu, kana kwamba mkiongeza huku mtapunguza kule. Mimi sioni mizani ya namna hiyo katika Injili. Malalamiko ya Mafarisayo katika Luka 15:2 yalikuwa kwamba mtu huyu huwakaribisha wenye dhambi na tena hula nao. Huyo aliyekula nao alikuwa mtakatifu kuliko wote waliolalamika, na meza haikumchafua.

Ugomvi wenu, mama, una umri wa karibu miaka 1,800. Mwaka 250 mfalme Decius wa Roma aliamuru watu watoe dhabihu kwa miungu ya dola na wapewe hati ya kuthibitisha kwamba wametii. Wakristo wengi walisimama imara. Wengi pia walianguka: baadhi walitoa dhabihu kweli, wengine wakainunua ile hati bila kutoa kitu. Mateso yalipopoa, walioanguka wakaanza kurudi wakilia, kama dada yenu. Kanisa lifanye nini nao? Novatian, mwanatheolojia hodari wa Roma, alikataa kabisa. Alisema Kanisa halina ruhusa ya kuwarudisha, na mwaka 251 akajiweka kuwa askofu dhidi ya Cornelius aliyekubali kuwapokea. Wafuasi wake walijiita Katharoi, yaani Wasafi. Upande wa pili alikuwepo Cyprian, askofu wa Karthago. Wakati wa mateso yale yeye mwenyewe alijificha, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Hakusema kuanguka si kitu. Alitaka watu wapite katika kipindi cha toba, na walioinunua hati wasipimwe sawa na waliotoa dhabihu. Lakini mlango aliuacha wazi. Mwaka 258 mateso yalipomfikia tena, hakukimbia, akauawa kwa ajili ya imani.

Baraza la Nikea, mwaka 325, lilitunga kanuni ya nane kuhusu hao Wasafi waliotaka kurudi katika ushirika. Sharti walilowekewa lilikuwa kuahidi kwa maandishi kwamba watashiriki pamoja na waliooa mara ya pili na pamoja na walioanguka wakati wa mateso. Soma tena, mama. Baraza lile tunalolikumbuka kwa ungamo la imani liliwataka waliojiona safi waweke ahadi ya kuketi na walioanguka. Mwanahistoria Socrates, aliyeandika karne ya tano, anasimulia kwamba Constantine, mfalme wa Roma wakati huo, alimuuliza askofu mmoja wa kundi hilo, Acesius, kwa nini anajitenga. Acesius akaeleza msimamo wao. Mfalme akamjibu: Acesius, weka ngazi, upande mbinguni peke yako.

Sasa niingie kwenye hofu yako, kwamba unamtetea kwa kuwa wewe pia si msafi. Ndiyo, huenda ni kweli. Na sidhani kama hilo ni kosa. Waebrania 5:2 inamweleza kuhani mkuu kuwa ni mtu awezaye kuwachukulia kwa upole wasiojua na wenye kupotea, kwa kuwa yeye mwenyewe yu katika hali ya udhaifu. Udhaifu wake umetajwa hapo kuwa ndio chanzo cha upole wake. Warumi 15:7 inakwenda njia hiyohiyo: "mkaribishane, kama naye Kristo alivyotukaribisha." Mtu ambaye hajawahi kukaribishwa akiwa mchafu atamkaribisha mwingine kwa kitu gani?

Katika karne ya nne, katika jangwa la Sketi nchini Misri, aliishi mtawa aliyeitwa Musa, mtu mweusi aliyekuwa jambazi kabla ya kuokoka. Ndugu mmoja alipokosea, wazee wakaitisha baraza la kumhukumu na kumtumia Musa ujumbe aje. Hakutaka kwenda. Walipomsisitizia, akachukua chombo kinachovuja, akakijaza maji, akakibeba mgongoni na kwenda. Wakamuuliza, Baba, hii ni nini? Akasema: dhambi zangu zinatiririka nyuma yangu nami sizioni, na leo nimekuja kuhukumu makosa ya mwingine. Wakamsamehe yule ndugu. Simulizi hili nimelihubiri mara nyingi, na kila mara najikuta nikigusa mgongo wangu.

Lakini kuna jambo la kuliangalia kwa makini, na nafikiri ndilo lililokusukuma uandike. Watu wawili wenye udhaifu wanaweza kukutana kwa njia mbili. Wanaweza kufanya mapatano ya kimya, nifichie nikufichie, wewe usiniulize kuhusu hasira yangu nami sitakuuliza kuhusu pombe yako. Huko ndiko kuhalalisha dhambi, hata kama kila mtu anatabasamu na kuimba. Au wanaweza kusema kweli wakiwa wote mwangani. Dada yenu amekwisha kuchagua: ameanguka, akarudi, akalia mbele yenu. Ninayemuona bado yuko gizani katika barua yako, niruhusu niseme kwa upendo, ni wewe. Wenzako wanajua habari za pombe. Je, wanajua habari za mtoto uliyempiga?

Sikwambii ukasimame mbele ya kikundi kizima. Nilipokuwa mchungaji kijana nilimlazimisha mtu mmoja aungame kosa lake mbele ya washarika wote, nikiamini natunza utakatifu wa kanisa. Aliungama, akatoka kwa mlango wa nyuma, na sikumwona tena katika ibada yoyote. Miaka mingi baadaye ndipo nilipousoma vizuri mstari wa 2 Wakorintho 2:7, ambapo Paulo anawaambia Wakorintho kuhusu mtu aliyekwisha kuadhibiwa na wengi, sasa wamsamehe na kumfariji, "asije akamezwa kwa huzuni yake ipitayo kiasi". Wafasiri hawakubaliani kama mtu huyo ndiye yule wa 1 Wakorintho 5 aliyeamriwa atolewe. Lakini kwa vyovyote Paulo alijua kuwa huzuni ya toba ina kiasi chake, na kwamba ikipita hapo inammeza mtu. Yule wangu alimezwa, na kinywa kilichommeza kilikuwa changu. Kwa hiyo nakuomba utafute mtu mmoja tu, mwenye kutunza siri na mwenye kukupenda kiasi cha kukuambia kweli, umweleze habari ya hasira yako.

Kabla ya huyo mtu, yuko mtoto. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa tunapozungumza juu ya neema huwa tunamsahau aliyeumizwa. Umetubu kwa Mungu kila usiku, lakini aliyepigwa ni mwanao. Mwendee. Keti chini awe sawa nawe macho kwa macho, useme, nilikupiga kwa hasira, nilikosa, naomba unisamehe. Usiweke neno "lakini" popote. Usimweleze jinsi ulivyokuwa umechoka, maana uchovu wako si mzigo wa mtoto. Na kama unaona hasira inakuzidi nguvu, tafuta msaada wa mshauri au daktari, kwa sababu hasira isiyotulia mara nyingine ni dalili ya kukosa usingizi, ya huzuni ndefu, au ya mambo uliyotendewa ukiwa mdogo. Kuukubali udhaifu wako ni kukiri kwamba upo na ni wako. Gharama yake usimwachie mtoto ailipe.

Kuhusu kutubu jambo lilelile kila usiku, usione aibu. Katika Sala ya Bwana, ombi la msamaha limekaa mara tu baada ya ombi la riziki ya kila siku. Tunakula leo na kesho tunaona njaa, na hakuna anayesema chakula cha jana kilikuwa cha uongo. Katika Luka 17:4 Yesu anasema ndugu yako akikukosea mara saba katika siku moja na kurudi mara saba akisema ametubu, umsamehe. Siamini kwamba Mungu anatuagiza tuwe na uvumilivu mkubwa kuliko alio nao yeye. Na kama toba inarudi kila usiku wakati mchana haubadiliki, basi ongeza jambo moja dogo la mchana: ukihisi hasira inapanda, toka chumbani, kunywa maji, rudi ukiwa umetulia. Sala ya usiku inahitaji mwenzake wa mchana.

Umewahi kuona kwamba neno la Kigiriki la moto wa makaa limetumika mara mbili tu katika Agano Jipya lote? La kwanza ni Yohana 18:18, uani kwa kuhani mkuu, Petro akiota moto na kumkana Bwana wake. La pili ni Yohana 21:9, ufuoni, Yesu aliyefufuka ameshauwasha mwenyewe na samaki wamewekwa juu yake. Alimrudisha Petro kwenye harufu ya aibu yake ileile, akamlisha kwanza, kisha akamuuliza mara tatu kama anampenda. Hakumuuliza kama hatarudia. Na kila alipojibu, alipewa kazi: lisha kondoo.

Je, Petro hakuanguka tena? Alianguka. Wagalatia 2 inaeleza kwamba huko Antiokia alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, lakini walipokuja watu kutoka kwa Yakobo akajitenga kwa kuwaogopa. Paulo alimpinga uso kwa uso. Huyu ni Petro wa baada ya Pentekoste, nguzo ya Kanisa, na kosa lake safari hii lilikuwa kuinuka kutoka kwenye meza ya wale walioonekana si safi. Wasomee wenzako sura hiyo, kwa upole. Paulo anasema Petro hakuenda sawasawa na kweli ya Injili. Hakusema alikosa adabu tu. Kujitenga na ndugu kwa kulinda heshima kuligusa Injili yenyewe.

Nisije nikaeleweka vibaya, maana kuna watu wameumizwa vibaya na mahubiri kama haya. Mtu anayempiga mkewe na kusema "hakuna aliye mkamilifu" anautumia udhaifu kama ngao, na mke wake hana deni la kukaa naye nyumba moja. Anayewadhuru watoto anaweza kusamehewa na Mungu na bado asikabidhiwe watoto kamwe. Tena anapaswa kupelekwa mbele ya sheria. Kumkaribisha mtu na kumwamini kwa jambo fulani ni vitu viwili. Ukaribisho hutolewa bure, uaminifu hujengwa siku kwa siku. Kama dada yenu angeomba leo atunze sanduku la fedha, ningekushauri mngoje, kwa kumhurumia, asiwekewe jaribu mkononi. Na mumsaidie apate matibabu. Uraibu wa pombe unashika mwili pamoja na moyo, na mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, kwa hiyo daktari ni wa lazima. Kuanguka tena katika safari ya kupona ni jambo la kawaida sana, na halithibitishi kwamba machozi yake yalikuwa ya uongo.

Tena pengine katika kikundi chenu wapo wanaobeba visivyo dhambi kabisa na bado wanaona aibu: ulemavu, ugonjwa wa akili, kukosa mtoto, mashaka ya imani. Wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Yesu alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Akina mama hao wanasikiliza mnavyomjadili dada huyu. Kila mmoja wao anapima kama siku moja ataweza kusema lake.

Wenzako watatu nao usiwasukume nje. Hofu yao ni ya kweli. Huenda mmoja wao aliishi na mlevi nyumbani na kila anaponusa pombe anarudi katika usiku wa zamani. Muulize kila mmoja kando, umsikilize hadi mwisho kabla hujamfundisha lolote. Mlango mnaoufungua kwa dada yule ni wao pia.

Sasa ibada ijayo. Mruhusu asome. Zungumza naye siku moja kabla, mkubaliane waziwazi kwamba akiwa amekunywa siku hiyo atakwambia, nawe utasoma badala yake, naye atakuja na kuketi karibu nawe vilevile. Mpe Zaburi ya 103, yote, asome polepole. Mstari wa 14 unasema Bwana anatujua umbo letu, na kukumbuka ya kuwa sisi ni mavumbi. Atakapoufikia, usimtazame yeye peke yake. Na kabla hujatoka nyumbani siku hiyo, hakikisha umekwisha kuzungumza na mwanao.